Kutafsiri karatasi hakutoshi: huduma ya afya inayowafaa Waasia wa Leicester

Kwenye mikahawa ya Belgrave Road mjini Leicester, Uingereza, kuna chakula kinachoitwa mogo: vipande vya muhogo vilivyokaangwa na kunyunyiziwa pilipili na ndimu. Jina hilo ni muhogo wetu wenyewe, lililosafiri na Wagujarati waliotoka Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Agosti 1972 Idi Amin aliwatangazia Waasia wa Uganda kwamba wana siku 90 za kuondoka, na takriban watu 28,000 kati yao wakaingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko. Walikwenda. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba asilimia 43.4 ya wakazi wa mji huo wana asili ya Asia.

Waliofika wakiwa vijana sasa ni wazee. Wanahudumiwa na NHS, huduma ya afya ya taifa, pamoja na majirani zao waliotoka moja kwa moja Gujarat, Punjab, Sylhet na Hong Kong. Baadhi ya wauguzi wanaowahudumia wazee wa Uingereza ni Wakenya, kwa kuwa Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuajiri wauguzi Julai 2021. Kwa hiyo suala hili linamgusa msomaji wa Kiswahili kwa pande mbili: kuna mgonjwa aliyepitia kwetu, na kuna muuguzi aliyetoka kwetu.

Watu wengi wakisikia habari ya huduma inayozingatia utamaduni hufikiria kipeperushi cha Kigujarati na picha ya mama aliyevaa sari. Si vibaya, ila kiini hakipo hapo. Kila hatua ya matibabu, tangu fomu ya kujiandikisha hadi kiwango cha dawa, ilipangwa na watu waliokuwa na mgonjwa fulani kichwani: mwili wake, mlo wake, lugha yake, siku yake inavyokwenda. Akija mgonjwa asiyefanana na huyo, hatua ileile hutoa jibu lisilo sahihi, na hakuna anayegundua kwa sababu utaratibu umefuatwa barabara.

Mhindi yupi?

Afrika Mashariki tumezoea kusema "Wahindi" tukawatia kapu moja Wabohora, Waismailia, Mabaniani, Masingasinga na Magoa. Waingereza nao wakisema Waasia, kwa kawaida wana maana ya watu wa Asia Kusini. Marekani na New Zealand neno hilohilo linawachukua pia Wachina, Wakorea na Wafilipino. Ndiyo maana takwimu za "Waasia" za nchi moja huwezi kuzibeba ukazitumia nchi nyingine.

Kwenye lugha ndipo mchanganyiko huu unapoumiza zaidi. Wabangladeshi wengi wa Uingereza asili yao ni Sylhet na nyumbani wanaongea Kisylheti, lakini vipeperushi huandikwa Kibengali sanifu. Wapakistani wengi wenye asili ya Mirpur wanaongea Kipahari, nao hupewa karatasi za Kiurdu. Kikutchi, lugha ya familia nyingi zilizopitia Mombasa na Zanzibar, kwa kawaida hakiandikwi. Mzee wa Kikutchi anasoma Kigujarati, kama alibahatika kusoma. Familia za Hong Kong, zilizoanza kuja kwa wingi baada ya viza maalumu kufunguliwa tarehe 31 Januari 2021, zinaongea Kikantoni na kusoma herufi za jadi, si zile zilizorahisishwa za China bara.

Dawa yake ni maswali mawili tofauti mgonjwa anapojiandikisha: nyumbani mnaongea lugha gani, na wewe unasoma lugha gani? Asiyesoma lugha yoyote asipewe karatasi. Rekodi ya sauti ya dakika mbili inayotumwa kwenye simu ya familia humfikia mama wa Kisylheti vizuri kuliko kurasa nne zilizochapwa kwa rangi.

Majina nayo yana mtego wake. Masingasinga wengi wanaume wanaitwa Singh na wanawake Kaur. Begum na Bibi huwa ni heshima ya kike kuliko jina la ukoo. Wazee wengi waliozaliwa kijijini bila cheti waliandikiwa tarehe 1 Januari. Chukua kliniki yenye akina Begum kumi, watatu wakiwa wamezaliwa 1 Januari mwaka mmoja: majibu ya damu ya mmoja yanaingia faili la mwingine bila shida yoyote. Kinachozuia ni kulinganisha namba ya NHS yenye tarakimu 10 kila mara, na kumwomba mgonjwa mwenyewe ataje anwani yake. Ukimsomea, ataitikia tu kwa adabu.

Namba zilizopimwa kwa mwili mwingine

Chukua mama wa urefu wa mita 1.65 na uzito wa kilo 64. Gawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe (1.65 × 1.65 = 2.72), unapata 23.5, namba iitwayo BMI. Kwa kipimo cha kawaida, ambacho uzito uliozidi huanzia 25, mama huyu hana neno. Kwa mwongozo wa Uingereza kwa watu wa asili ya Asia, mstari ni 23, na unene wa kupindukia huanzia 27.5 badala ya 30. Kwa urefu wake, tofauti hiyo ya pili ni kilo 75 dhidi ya kilo 82. Sababu ni kwamba kwa uzito uleule, watu wa Asia Kusini huwa na mafuta mengi zaidi, hasa tumboni kuzunguka viungo vya ndani, na mafuta hayo ndiyo yanayoharibu kazi ya insulini. Kipimo rahisi cha nyumbani ni kamba: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Kwa mama huyu, sentimita 82.

Umri pia. Uchunguzi wa jumla wa afya nchini Uingereza huitisha watu wa miaka 40 hadi 74, lakini kwa watu wa asili ya Asia Kusini mwongozo unahimiza kutathmini hatari ya kisukari tangu miaka 25. Barua ya miaka 40 haimfikii dereva wa teksi wa miaka 31 ambaye kongosho lake limeshaanza kuchoka. Inabidi aombe mwenyewe, au muuguzi amwombee alipokuja kwa ajili ya mgongo.

Kipimo kinachotumika sana ni HbA1c, kile cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu. Kuanzia 48 (mmol/mol) ni kisukari. 42 hadi 47 ni hatari kubwa. Hapa kuna kosa linalojirudia: kipimo hiki kinategemea chembe nyekundu za damu. Mwanamke mwenye upungufu wa madini ya chuma, jambo la kawaida kwa wasiokula nyama, anaweza kupata jibu lililo juu kuliko hali halisi. Kwa upande mwingine, matatizo ya kurithi yanayofupisha maisha ya chembe nyekundu hushusha jibu. Hivyo HbA1c isiyoendana na sukari ya kidoleni isipuuzwe. Upimwe wingi wa damu, na ikibidi itumike sukari ya asubuhi kabla ya kula.

Dawa mbili zinatosha kuonyesha kwamba asili si suala la heshima tu. Rosuvastatin, ya kushusha mafuta ya damu, huanzishwa kwa miligramu 5 kwa mgonjwa wa asili ya Asia, na dozi ya 40 hairuhusiwi kwake, kwa sababu kiasi kinachobaki kwenye damu ni kikubwa zaidi. Carbamazepine, ya kifafa, inaweza kumbabua ngozi hadi kuua mtu mwenye jeni iitwayo HLA-B*15:02, inayopatikana zaidi kwa Wachina wa Han na Wathai. Apimwe kwanza, ndipo aandikiwe.

Mkalimani si binti wa mgonjwa

Tuseme wazi: kumtumia mtoto kumkalimania mama yake ni kosa, hata kama mtoto mwenyewe ana hamu ya kusaidia. Msichana wa miaka 12 hataweza kutamka mbele ya mama yake maneno ya uvimbe wa titi au damu isiyokoma, na akiweza, ataubeba mzigo huo peke yake hadi nyumbani. Mume naye hujibu kwa niaba. Mwongozo wa NHS wa 2018 unasema mkalimani wa kitaalamu ni bure kwa mgonjwa, na kwamba miadi yenye mkalimani iongezewe muda, kwa kawaida iwe maradufu. Dakika kumi zikipita kwenye midomo mitatu hubaki tano.

Namna ya kufanya kazi naye ni hii. Kabla mgonjwa hajaingia, hakikisha lugha na lahaja, na mweleze mkalimani jambo litakalozungumzwa kama ni zito. Kaa ukimtazama mgonjwa, si mkalimani, na useme "unaumwa wapi?" badala ya "muulize anaumwa wapi." Sentensi moja au mbili, kisha nyamaza. Mwishoni usiulize "umeelewa?" kwa sababu jibu ni ndiyo siku zote, mwombe akueleze dawa hii ataitumiaje kesho asubuhi. Maelezo ya mgonjwa yakichukua dakika tatu na mkalimani akakuletea maneno manne, simamisha, omba yote.

Kuna hofu moja wagonjwa hawaisemi: jamii ni ndogo, na mkalimani anaweza kuwa mtu wa hekalu moja au msikiti mmoja nao. Mwanamke anayepigwa nyumbani hatafungua mdomo. Kwa mambo ya namna hiyo mkalimani wa simu aliye mji mwingine, asiyetajiwa jina la mgonjwa, ni bora kuliko yule mzuri sana aliyeketi chumbani.

Jikoni, na kwenye mfungo

Ushauri wa chakula huharibika pale unapozungumzia viazi na mkate kwa mtu anayekula chapati na dali. Twende jikoni kwenyewe. Chapati iliyotengenezwa kwa gramu 40 za unga ina takriban gramu 30 za wanga. Tatu ni gramu 90, na bado wali haujapakuliwa. Ukimwambia mtu aache chapati, umempoteza. Ukimwonyesha kwa mizani tofauti ya tonge la gramu 60 na la gramu 40, anabaki na chapati zake mbili. Chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 32 za sukari. Kiwango cha juu kinachoshauriwa Uingereza kwa mtu mzima ni gramu 30 kwa siku nzima, kabla ya kugusa jalebi. Samli na mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye kopo: kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120. Na ushauri apewe anayepika. Baba mwenye kisukari huenda hajawahi kushika mwiko. Anayeamua ni mkewe au mkwe wake, na huyo mara nyingi hajaalikwa kliniki.

Swali la "unatumia dawa za kienyeji?" hujibiwa "hapana" kwa uaminifu kabisa, kwa sababu maji ya karela na mbegu za uwatu ni chakula. Uliza "kuna kitu unakula au kunywa ili sukari ishuke?" Karela juu ya gliclazide, kidonge cha kushusha sukari, inaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Baadhi ya dawa za Kiayurveda zinazotengenezwa kwa kuchanganya madini zimekutwa na risasi, zebaki na arseniki. Mgonjwa mwenye tumbo la kusokota na upungufu wa damu usioeleweka apimwe risasi mwilini.

Ramadhani inahitaji maandalizi ya wiki sita hadi nane kabla, si simu ya siku ya kwanza ya mwezi. Ikiangukia Juni, mfungo wa Leicester hufika muda wa saa 18 hivi. Daktari akisema "usifunge" bila maelezo, wengi hufunga kimya na kuficha. Bora wapange pamoja: nani hatari yake ni kubwa mno, kama mwenye figo mbovu au aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka, dawa zipi zihamishwe. Anayemeza metformin, kidonge kingine cha kisukari, mara tatu kwa siku, kwa kawaida dozi ya asubuhi huwa ya daku, na za mchana na jioni huunganishwa wakati wa futari. Gliclazide na insulini zinahitaji kupunguzwa au kusogezwa, na hilo lifanywe na daktari. Kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi funga, na miongozo ya kimataifa inalitaja hilo waziwazi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 (mmol/L), mtu afungue papo hapo.

Wahindu na Wajaini wana mifungo yao, kama Ekadashi na Paryushan, ambayo haimo kwenye kalenda ya hospitali. Mlo wa wodini ulioandikwa "mboga tu" bado haumfai Mjaini asiyekula kinachochimbwa ardhini, wala mfuasi wa Swaminarayan, tawi la Uhindu, asiyekula vitunguu. Matokeo ni mzee aliyefanyiwa upasuaji anayerudisha sahani nzima siku tatu, na kwenye faili anaandikwa "hana hamu ya kula." Dawa nazo zina asili yake: heparini, ya kuzuia damu kuganda, hutokana na nguruwe, na fondaparinux, ya kazi hiyohiyo, hutengenezwa maabara. Chanjo ya mafua ya watoto ya kupuliza puani ina gelatini ya nguruwe, na ipo ya sindano isiyo nayo. Taarifa hizi zitolewe kabla, mzazi achague mwenyewe. Akizipata baadaye kwenye mtandao, imani yake kwa kliniki imekwisha.

Kuhusu mama aliyejifungua, msomaji wa pwani hatahitaji maelezo marefu. Wachina wana desturi ya "kukaa mwezi", siku 30 hadi 40, na familia nyingi za Asia Kusini zina arobaini kama yetu: joto, supu, tangawizi, hakuna baridi. Kisha mkunga anamletea maji yenye barafu. Chupa ya maji moto inatosha kutatua hilo. La kuzungumza naye kwa makini ni kwamba kukaa ndani si kulala: asipotembea chumbani mara kadhaa kwa siku, damu inaweza kuganda miguuni.

Moyo unaozama

Mwaka 1989 mwanaanthropolojia Inga-Britt Krause aliandika juu ya Wapunjabi wa mji wa Bedford walioeleza dhiki yao kwa kusema moyo unazama. Mtu kama huyo hupimwa moyo, umeme wa moyo unaonekana mzuri, anarudishwa nyumbani. Mwezi ujao anarudi. Sisi wenyewe husema "nina mawazo", "roho inanidunda", na hatumaanishi moyo wa kupimwa kwa mashine peke yake. Njia nzuri ni kupima kweli, kisha kuendelea na lugha yake: moyo ulianza kuzama lini, nyumbani kulikuwa na nini siku hizo, unafanya nini ukizama?

Fomu za maswali zinahitaji jicho kali. Dodoso la Edinburgh la huzuni baada ya kujifungua, lenye maswali kumi, lina swali ambalo kwa Kiingereza linasema mambo yamekuwa "yakinipanda juu", maana yake yananilemea. Litafsiri neno kwa neno, na mama wa Kigujarati atashangaa ni kitu gani kinampanda. Tafsiri nzuri hupitia watu wawili: mmoja anatoa Kiingereza kwenda Kigujarati, mwingine ambaye hajaiona asili anarudisha, na penye tofauti panarekebishwa. Kisha akina mama watano wanaulizwa kila swali wamelielewa vipi. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo hurukwa.

Je, kubadilisha tiba kunaleta faida? Jaribio liitwalo ROSHNI-2, lililochapishwa 2024, liliwafuata wanawake 732 wa Uingereza wenye asili ya Asia Kusini waliokuwa na sonona baada ya kujifungua. Kundi moja lilipata vikao 12 vya pamoja vilivyopangwa kwa lugha na maisha yao. Baada ya miezi minne asilimia 49 walikuwa wamepona, dhidi ya asilimia 37 ya waliopata huduma ya kawaida. Kufikia mwaka, tofauti hiyo ilikuwa imetoweka. Sisi tunayasoma matokeo hayo hivi: kupona mapema kwa miezi kadhaa, mtoto akiwa mchanga, ni kitu kikubwa, na mtu asiahidiwe zaidi ya hapo.

Kwa wazee tatizo ni kusahau. Lugha nyingi za Asia Kusini hazina neno la kila siku la dimenshia; familia husema ni uzee, au amekuwa mkaidi. Vipimo vya kawaida humtaka mtu aandike sentensi au ahesabu kurudi nyuma, na bibi ambaye hakupelekwa shule anafeli kabla ugonjwa haujaanza. RUDAS, kilichotengenezwa Sydney na kuchapishwa 2004, kiliandaliwa kwa ajili ya watu wa lugha na elimu tofauti. Mgonjwa anaambiwa anakwenda dukani kununua vitu vinne: chai, mafuta ya kupikia, mayai, sabuni. Anavirudia hadi avishike, anapewa kazi nyingine kama kueleza atakavyovuka barabara yenye magari mengi, kisha anaulizwa orodha. Jumla ni alama 30. 22 kushuka chini, apelekwe kwa uchunguzi zaidi, na mkalimani awepo tangu mwanzo.

Dimenshia ikikomaa, lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi ndiyo hutangulia kupotea. Mzee aliyeongea Kiingereza safi kazini kwa miaka 40 anaweza kuamka usiku asimwelewe anayembadilisha shuka. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa faili uandikwe mapema, angali na kumbukumbu, lugha zake zote kwa mpangilio alivyozipata: Kikutchi cha mama, Kigujarati cha shule, Kiswahili cha dukani Kampala au Mombasa, Kiingereza cha mwisho. Zamu ya usiku ikiwa ya muuguzi kutoka Kisumu au Machakos, mstari huo wa tatu ndio utakaomwambia aanze na "shikamoo".